Hotuba ya Afya: Moyo Kushtuka Wakati wa Upasuaji



Wavuvi wa pwani ya Kilifi huchokoa pweza miambani maji yakipwa. Kule Japani, pweza hutegwa kwa mtungi wenye shingo nyembamba na tumbo pana, uitwao takotsubo. Mwaka 1990 madaktari wa huko waliupa ugonjwa mmoja wa moyo jina hilo, kwa kuwa chumba cha kushoto cha moyo hutanuka na kufanana na mtungi huo.

Ugonjwa huu huletwa na mshtuko mkubwa: msiba, ajali, hata upasuaji. Hofu na maumivu huufanya mwili kumwaga homoni ya adrenalini kwa wingi, na msuli wa moyo hulegea ghafla. Mgonjwa huumwa na kifua au hukosa pumzi kama mwenye mshtuko wa moyo, ila vipimo huonyesha kuwa mishipa ya moyo haikuziba. Wanaopatwa zaidi ni wanawake waliokoma hedhi. Wengi hupona baada ya wiki chache, lakini wako wanaofariki.

Anayesubiri upasuaji amweleze daktari wa usingizi hofu yake, magonjwa yake na dawa anazomeza. Asiache dawa ya presha bila kushauriwa. Baada ya upasuaji, maumivu ya kifua au pumzi kukatika yasifichwe. Jamaa wasiseme, "Ni woga tu." Wamwite muuguzi papo hapo, vipimo vifanywe.