Pilau ya Zabibu na Lozi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha mpunga katika maji na mzabibu katika nchi kavu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, S.A.W., na jamaa zake na masahaba wake.



Katika karamu za Waislamu wa Buyenzi, na kadhalika za Uvira na Ujiji, hupakuliwa pembeni mwa sinia wali ambao si wa kushibisha bali wa kupambia chakula: wali wenye mdalasini na iliki, uliotiwa zabibu kavu na lozi. Fungu la mtu mmoja halizidi upawa. Lakini wali huo mdogo ndio unaosemwa zaidi baada ya wageni kuondoka, na ndio uliokwisha kuzitia nyumba kadha wa kadha katika deni. Basi yafaa ijulikane umetoka wapi, wapikwaje, na ni kipi ndani yake kilicho cha lazima.

Asili ya mapishi haya ni nchi zenye baridi kali. Watu wa Kabul, katika Afghanistan, wana pilau yao mashuhuri ambayo juu yake hutandazwa karoti zilizokatwa nyembamba kama njiti za kiberiti, pamoja na zabibu na lozi. Huko, kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti hupukutika na mavuno ya shamba huingizwa nyumbani kabla ya theluji. Zabibu mbichi hutundikwa katika vijumba vya udongo vyenye matundu mengi ukutani, upepo ukapita ndani na kuzikausha pasipo jua kuziunguza. Waajemi nao wana wali mtamu wa arusi, ambao hutiwa maganda ya machungwa yaliyochemshwa mara kadhaa hata uchungu ukatoka. Kwa hiyo watu hawa hawakuagiza kitu cha mbali ili wajionyeshe. Walitia chunguni kile kilichovunwa jirani.

Ziko pia faida za kukausha matunda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na Idi huzunguka majira yote. Haingoji mzabibu uzae. Mwenye matunda makavu katika gunia hana wasiwasi Idi ikimkuta katika baridi au katika joto.

Katika Afrika ya Mashariki wali pamoja na matunda si jambo la jana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sahani kubwa ya mti, na pembeni akaletewa ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na ndimu za achari, na tangawizi mbichi, na maembe. Hakutaja zabibu wala lozi katika karamu ile, na wenyeji wake hawakuhesabiwa kuwa maskini kwa sababu hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipofika Ujiji, na kuvuka ziwa hata Nyangwe na Kasongo, watu wake walipanda mpunga popote walipokaa, na leo mpunga unalimwa kwa wingi katika uwanda wa Imbo, jirani kabisa na Bujumbura. Mpunga uliukubali udongo wa huku. Lozi zimebaki kuja katika vifurushi, tena kwa bei ya mwenye duka.

Hapa ndipo penye shida. Baba hukopa ili walima wa binti yake usipungukiwe na lozi, na mkopo ule humkuta bado haujalipwa mjukuu anapozaliwa. Wengine huahirisha ndoa mwaka mzima, na vijana wawili wakakaa katika hatari ya dhambi kwa ajili ya kitu kinachonyunyizwa juu ya wali. Tena huwapo wanaopunguza idadi ya waalikwa ili mapambo yatoshe, na wanaopunguzwa kwanza ni mafakiri. Na katika Hadithi iliyo sahihi, chakula cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa maskini kimetajwa kuwa ndicho chakula kiovu kuliko vyote.

Mtume, S.A.W., alipomwoa Bibi Safiyya katika mwaka wa 7 wa Hijra, njiani akitoka Khaybar, hapakuwa na mkate wala nyama. Alitandika ngozi chini, akaamuru kila mwenye kitu akilete. Huyu akaleta tende, yule samli, mwingine maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa. Vikachanganywa pamoja, na huo ndio ukawa walima wake. Ni tunda kavu na samli, kwa hakika, lakini ni vya mfukoni mwa waliohudhuria.

Ama mapishi yake ni haya. Mchele vikombe 4 huoshwa na kulowekwa nusu saa. Vitunguu 2 hukaangwa katika samli vijiko 4 mpaka viwe vya rangi ya kahawia, kisha hutiwa kijiti cha mdalasini, iliki 6 zilizopasuliwa, karafuu 6, pilipili manga chembe 10, na kijiko kimoja kidogo cha bizari nyembamba. Harufu ikishapanda humiminwa maji vikombe 6 na chumvi, na yakichemka hutiwa mchele. Maji yakikaribia kukauka sufuria hufunikwa, moto wa chini hupunguzwa, na mkaa hupaliwa juu ya mfuniko kwa muda wa robo saa. Mpishi asikoroge tena. Mwiko wa mara kwa mara huufanya wali kuwa bokoboko.

Mwenye zabibu hukaanga konzi moja katika samli kidogo mpaka zivimbe, na lozi zilizomenywa mpaka ziwe na rangi ya dhahabu. Asiye navyo achukue ndizi ndogo tamu, zile ambazo Warundi huziita kamaramasenge, azikate vipande, azianike juani kwa siku 2 au 3 chini ya kitambaa chepesi, kisha azikaange vivyo hivyo. Nanasi nalo hufaa, lakini likaangwe peke yake hata maji yake yakauke, kwani likitiwa bichi hulainisha wali wote. Karoti zipo sokoni kila siku. Mahali pa lozi huwekwa karanga zilizokaangwa na kupepetwa maganda. Ila ziko tofauti: lozi huvumilia mvuke, karanga haivumilii. Zinyunyizwe wakati wa kupakua, sinia likiwa tayari limekwisha kuwekwa mkekani na watu wamekwisha kunawa.