Mwizi wa Visa: Bookworm na Suala la Ubunifu katika Fasihi



Tarehe 20 na 21 Aprili 1966, televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha sehemu mbili za mchezo wa Batman ambamo mhalifu ni msomaji wa vitabu. Jina lake ni Bookworm, yaani mdudu wa vitabu, naye aliigizwa na Roddy McDowall, mzaliwa wa London. Vazi lake ni la ngozi ya kahawia mithili ya jalada la kitabu cha kale, na kofia yake ina taa ya kusomea.

Wahalifu wengine mashuhuri wa mchezo huo, kama Joker na Penguin, walitoka katika vitabu vya katuni wakaingia katika televisheni. Bookworm alishika njia ya kinyume. Alizaliwa katika televisheni, na baadaye ndipo alipoingizwa katika vitabu vya katuni vya kampuni ya DC.

Kiini cha mhusika huyu ni uchungu. Amesoma mno, lakini hawezi kubuni kisa cha riwaya kilicho chake. Uchungu huo umemfanya mhalifu, na kila uovu wake huutoa vitabuni. Robin anafungwa ndani ya kengele kubwa ya mnara wa saa, mtego unaokumbusha jina la riwaya maarufu ya Hemingway. Baadaye Batman na Robin wananaswa ndani ya kitabu kikubwa cha mapishi ili wapikwe kwa mvuke. Shabaha ya hila zote hizo ni kuiba vitabu adimu.

Kichekesho hiki kimebeba hukumu nzito, kwamba asiye na kisa chake mwenyewe si mtunzi. Hukumu hiyo ikikubaliwa, sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili itahesabiwa kuwa mali ya wizi. Kwa hiyo inafaa kupimwa kwa mfano.

Mwaka 1952 Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze. Kisa chake kinatokana na hadithi ya Abdalla bin Fadhili na nduguze iliyomo katika Alfu Lela Ulela. Katika hadithi ya asili, ndugu wawili wahaini wanageuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert wanageuzwa manyani. Nyani ana uso na mikono ya kumkumbusha mtu utu wake, na kwa sababu hiyo adhabu anayopewa Adili awatandike kila usiku inamuumiza msomaji zaidi. Majina nayo yamebadilika. Ndugu hao sasa ni Hasidi na Mwivu, na kila aitwapo mmoja wao, tabia yake hutajwa. Kisa ni cha kale, lakini swali la haki na msamaha linaulizwa kwa Kiswahili na kwa Waswahili.

Shakespeare naye alifanya vivyo hivyo. Kisa cha Julius Caesar alikipata kwa Plutarch, katika tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo huo kwa Kiswahili na kuuchapisha mwaka 1963, kisa kilikuwa kimekwisha kupita mikono mingi, na hakuna aliyekiona kimechakaa.

Kosa la Bookworm, basi, halikuwa kukopa. Kila kisa alichokitwaa alikifanya mtego tu. Hakukiuliza swali jipya wala hakukipa watu wapya wa kukisikiliza. Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Katika fasihi deni la kisa hulipwa kwa maana mpya, na mtunzi aliyelilipa hana sababu ya kuficha alikokopa.

Mwanafunzi anayechunguza utenzi, hekaya au riwaya ya Kiswahili ana wajibu wa kutafuta asili ya kisa. Akiisha kuipata, kazi yake bado haijafika nusu. Imebaki kueleza kisa hicho kimefanywa nini, na kwa ajili ya nani.