Nguvu Inayoanzia Kwenye Nyayo

Leo tunazungumzia aikido, sanaa ya kujihami iliyoasisiwa na Mjapani Morihei Ueshiba, aliyezaliwa Tanabe mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969. Alikuwa mfupi, kimo chake kama sentimita 156. Mwanafunzi wake Gozo Shioda, aliyefungua shule ya Yoshinkan mjini Tokyo mwaka 1955, naye alikuwa mdogo wa umbo, ila shule yake ndiyo iliyokuja kuwafunza askari wa kutuliza ghasia wa jiji hilo. Watu hawa waliwezaje kuwaangusha wenye miraba minne?

Kama una mtu karibu, tujaribu jambo moja, taratibu tu. Nyoosha mkono mbele, kiganja kitazame juu na kiwiko chini, kisha uegemeze kifundo cha mkono begani kwa mwenzako. Yeye ashike kwa mikono miwili pale kiwiko kinapokunjia, avute chini kidogo kidogo. Kwanza kunja ngumi na ukaze mkono wote. Utachoka upesi, na mkono utakunjika.

Sasa fungua vidole, shusha bega, pumua, na uelekeze vidole mbali kana kwamba unataka kuufikia ukuta wa mbele. Mwenzako atapata kazi.

Sababu yake iko wazi. Msuli wa mbele wa mkono hukunja kiwiko, wa nyuma hukinyoosha. Ukikaza yote miwili, misuli hiyo inavutana yenyewe kwa yenyewe, na ule wa mbele unamsaidia anayekukunja! Ukilegea huku umenyoosha, wa nyuma unafanya kazi bila kuzuiwa. Koichi Tohei, aliyeipeleka aikido Hawaii mwaka 1953, alilieleza zoezi hili kwa nguvu ya ndani iitwayo ki. Kwa anayeanza, naona maelezo ya misuli yanatosha.

Tuje kwenye kushikwa kifundo cha mkono. Wengi wetu hunyanyua bega na kuvuta. Hapo umetumia mkono mmoja kushindana na uzito wote wa aliyekushika. Katika aikido, mkono ulioshikwa unauacha pale pale, mbele ya kitovu chako. Unashusha kiwiko, unapiga hatua kwenda ubavuni mwake, unageuza nyonga mpaka nyote wawili mnatazama upande mmoja. Mkono haujavutwa hata kidogo, ni mwili wako uliohama, na yeye ameshapoteza mizani. Kanuni hiyo ya kuweka mikono mbele ya kitovu ningependa kila anayemuuguza mtu nyumbani aijue: msogelee mgonjwa, kunja magoti kidogo, viwiko karibu na mbavu, kisha muinue kwa miguu. Kiuno chako kitakushukuru.

Misuli bado ina kazi, hasa ya mapaja na kiuno, ndiyo maana mazoezi ni ya miaka. Na ukijiunga na darasa, usikubali kurushwa kabla hujafundishwa kuanguka. Kidevu kiinamie kifuani, mgongo uviringike, uzito upite kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili, na kichwa kisiguse sakafu kabisa.