Mzigo wa Wanafunzi wa Udaktari
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Mtauliza, watu wa reli wana habari gani na wanafunzi wa udaktari? Tunayo. Katika tawi hili wako wazazi wenye watoto katika vyuo hivyo, na sisi tunaye mmoja, mtoto wa ndugu yetu, yuko mwaka wa tatu.

Likizo iliyopita alikuja nyumbani. Tulichinja kuku, tukaita majirani, tukamwonyesha kama kombe la mpira. Kila aliyefika alileta ugonjwa wake, huyu mgongo, yule presha. Kijana aliwajibu wote kwa adabu. Usiku mama yake akamkuta ameketi jikoni gizani, hasomi wala halali. Alipoulizwa alisema ameanguka mtihani mmoja, na tangu hapo usingizi umemkimbia. Sisi tukamwambia, vumilia. Leo twakiri kwamba lilikuwa neno la watu wavivu.

Hebu tazameni kazi yenyewe. Hapa Kenya masomo hayo ni miaka 6. Mwanzoni kijana aliyetoka shuleni juzi tu hupewa maiti aipasue, ajifunze viungo. Baadaye huingia wodini. Huulizwa maswali na mkubwa wake kando ya kitanda, wenzake wakisikiliza, na asipojua huaibika mbele ya mgonjwa. Mtu aliyezungumza naye jana, leo kitanda chake ni kitupu, na hakuna nafasi ya kusikitika kwa kuwa jioni kuna kitabu na kesho kuna mtihani. Ada nayo inangoja. Akihitimu, bado yuko mwaka wa mafunzo hospitalini, ambako zamu huweza kuunga mchana, usiku, na mchana tena.

Mwaka 2016 wataalamu walikusanya hesabu za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi nyingi za dunia. Katika kila 100, kama 27 walikuwa na dalili za ugonjwa wa huzuni. Na katika kila 100 wenye dalili hizo, ni kama 16 tu waliokwenda kutafuta matibabu. Watu wanaojifunza kutibu! Wengi huona haya, huogopa kuambiwa hawafai kazi.

Sisi twajua mambo ya zamu. Dereva aliyekesha hafai kupewa gari la moshi, na hakuna anayesema ni mnyonge. Kule New York msichana mmoja wa miaka 18 alikufa hospitalini mwaka 1984, akiwa mikononi mwa madaktari wachanga wa zamu ndefu. Watu wakauliza juu ya uchovu wao, na mwaka 1989 jimbo hilo likaweka mpaka: saa 80 kwa wiki, wala si zaidi ya saa 24 mfululizo. Saa 80 bado ni nyingi mno kwetu, lakini mpaka ni mpaka.

Hapa kwetu chama cha madaktari, KMPDU, kiligoma siku 56 mwaka 2024, tangu Machi hadi Mei, na jambo kubwa lilikuwa hao madaktari wa mafunzo. Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, na mapatano ya mwaka 2017 yalisema kama 206,000. Wengine wetu tulinung'unika kwa sababu wagonjwa wetu walirudishwa mlangoni. Tulikuwa na haki ya kuumia, lakini hatukuuliza kijana yule hulala saa ngapi.

Chama hakiwezi kuingia jikoni mwetu. Mwezi uliopita tulimpigia simu mtoto wetu, hatukuuliza alama, tuliuliza usingizi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema mengi. Sasa anakwenda kwa mshauri wa chuo kila wiki, na mtihani ule ataurudia. Majirani tumewaambia waende zahanati.

Wazazi wenye watoto katika vyuo hivyo, tafadhalini bakini kidogo mkutano ukiisha. Twataka kuandika barua kwa chuo, kuuliza washauri wako wangapi na mlango wao hufunguliwa saa ngapi.