Sarufi Ianzie Mezani

Mzazi unayemfundisha mwanao nyumbani, usianze sarufi na jedwali la ngeli. Anza na vyombo vya mezani. Sema: kijiko kimeanguka. Ongeza cha pili, umwulize. Atajibu, vijiko vimeanguka. Endelea na kikombe, kisu, kisahani, hadi ulimi uzoee.

Kisha mtajie kifaru. Wengi husema "kifaru kimelala", na hapa ndipo pa kukaa naye kwa subira: mnyama huchukua upatanisho wa mtu. Kifaru amelala, vifaru wamelala. Kifaru cha vitani, kwa kuwa ni chombo, ndiyo, kimeharibika.

Akikosea, usimkatize. Rudia sentensi yake kwa usahihi, kisha mwache aendelee. Na jioni aandike sentensi chache kuhusu aliyoyaona mchana, akusomee kwa sauti. Tafadhali mzazi, msikilize hadi amalize.