Mashine ya Sauti Inapolia Yenyewe

Leo twapenda kusema juu ya mashine za kukuza sauti zitumiazo valvu, zile taa za kioo ambazo hata sasa wapiga gitaa wengi wazipenda. Mara nyingi mashine ya namna hii hulia yenyewe: hupiga filimbi, au hutoa mlio wa “puta-puta” kama injini ya mashua. Mwenye haraka hununua valvu mpya. Fedha zikaenda, na kelele ikabaki pale pale.

Sababu ni hii. Sauti iliyokwisha kukuzwa imepata njia ya kurudi mlangoni, ikakuzwa tena, ikarudi tena. Basi yatupasa kuitafuta njia hiyo na kuikata.

Kwanza tufunge maikrofoni. Kelele ikikoma, yaelekea kwamba njia ni hewa. Spika ziwekwe mbele ya maikrofoni, zikiwaelekea watu, na msemaji aisogelee maikrofoni ili sauti ya mashine ipunguzwe.

Kelele isipokoma, tukizungushe mpaka mwisho kile kidude cha kupunguza sauti. Ikinyamaza, hitilafu i upande wa maikrofoni; ikiendelea, i upande wa spika au katika njia ya umeme. Mlio wa puta-puta mara nyingi hutokana na kondensa zilizochakaa, nazo ndizo viweka akiba ya umeme. Zikidhoofika, valvu ya mwisho huuyumbisha umeme wa valvu ya kwanza. Filimbi nayo huweza kuletwa na waya wa kuingizia sauti uliopita karibu na waya wa spika. Nyaya hizo zitenganishwe.

Tena kuna sauti irudishwayo kwa makusudi. Mwaka 1927 Harold Black wa Marekani alivumbua kwamba sehemu ya sauti ikirudishwa kinyume, mashine hupungukiwa na nguvu ya kukuza, lakini sauti huwa safi. Ila transfoma ya spika ikibadilishwa, na nyaya zake mbili zikafungwa kinyume, kile kilichokuwa kikituliza huchochea, na mashine hulia mara valvu zipatapo moto. Hapo haifai kununua kitu. Nyaya hizo mbili na zibadilishane mahali.

Mwisho, tusikieni vema. Ndani ya mashine hizi mna umeme wa volti 300 na zaidi, nao huua. Hata baada ya kuzima, kondensa huendelea kuuweka. Kwa hiyo, kabla ya kugusa, plagi ing'olewe, kondensa zimalizwe umeme wake kwa rezista ifaayo, kisha tupime kwa mita mpaka tuone hakuna kitu. Asiyeijua kazi hii amwite aijuaye. Mashine iliayo yaweza kungoja hata kesho. Mtu aliyekufa harudi.