Tumetoka Kwenye Sidi, Daftari Letu Liko Wapi?

Mimi ni nesi, si mtu wa kompyuta, kwa hiyo nitasema niliyoyaona tu.

Zamani programu ya mahesabu ulinunua sidi, ukaiweka kwenye kompyuta yako, ikawa yako mpaka ichakae. Mwaka 1999 ikaanzishwa Salesforce, kuuza programu za biashara kupitia intaneti, unalipia matumizi. Mwaka 2013 Adobe wakatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zao za picha na uchapaji ni ya kukodi tu. Leo karibu sote ni wapangaji.

Sipingi. Mimi na mdogo wangu tuna famasi Tanga, na tangu tuhamie mtandaoni naona mauzo nikiwa hapa Leicester, nikitoka zamu ya usiku. Kabla ya hapo ilikuwa simu na kuaminiana, na kuaminiana kwa ndugu mnajua kunavyoishia!

Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikazorota. Halafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Dawa ziko rafuni, mteja yuko mlangoni, daftari liko kwenye seva ambayo hatujui hata iko nchi gani. Mdogo wangu akaandika kwenye karatasi. Madeni ya wiki ile mpaka leo hayajakaa sawa.

Msidhani ni Bongo tu. Agosti 2022 kampuni ya Advanced, inayohudumia NHS kwa programu, ilivamiwa na wadukuzi, na baadhi ya wahudumu wakarudi kwenye kalamu. Machi 2025 ikatozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 3. Nyumbani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ni jambo jema. Ila intaneti ikizimwa, mwenye famasi amdai nani?

Kabla hujalipia, muulize muuzaji: programu inafanya kazi bila mtandao? Naweza kuchukua taarifa zangu zote nikihama? Sisi sasa kila Ijumaa tunapakua orodha ya dawa na madeni, tunaichapisha, inakaa dukani.

Maswali ya ufundi nitampelekea mdogo wangu, mimi niulizeni ya presha.